Sheria ya Gogo

Ukitaka kumwona fundi wa matairi akicheka peke yake kama mwehu, mtajie kambi ya skauti. Mtajie tu, kisha tafuta pa kukaa, maana huondoki leo. Mkono mmoja utaendelea kuzamisha mpira kwenye karai la maji kutafuta tundu, na ule mwingine utapaa hewani kukuonyesha urefu wa miti, upana wa mto na unene wa moshi wa jikoni. Mkewe akisikia yameanza, huyo, ndani. "Haya, tumeshahamia msituni," anasema. "Mkirudi mnishtue nipike."

Si kwamba kambi yenyewe ilikuwa peponi. Weee! Mlilala juu ya nyasi, mmebanana ndani ya hema, mguu wa mwenzako uko puani mwako. Filimbi iliwaamsha kabla jogoo hajafikiria kuwika. Siafu waliwatafuna, jua likawababua, mkaimba mpaka sauti zikakauka. Lakini fundi alikuwa mtoto wa mjane. Nyumbani alihesabika mwanamume wa nyumba kabla hata hajaota ndevu, na kule msituni, kila likizo ndefu, ndiko pekee alikoruhusiwa kuwa mtoto. Ndiyo maana alipapenda, na mimi simlaumu.

Walimwita Kiroboto, kwa kuwa alikuwa mdogo, hatulii, na akikuuma hujui katokea wapi. Mpishi wa kikosi chao alikuwa mvulana mwenye mabega mapana kama mlango, akiitwa Sufuria. Usidhani jina hilo alipewa kwa sifa. Alikuwa anaunguza kila kitu, na wenzake waliapa kwamba siku moja aliunguza hata maji.

Na kulikuwa na gogo. Mti mkubwa ulikuwa umeanguka ukakivuka kijito nyuma ya mahema, na juu ya mti huo ndipo wavulana walipomalizia ugomvi wao. Mkuu wa kambi, mzee wa watu aliyependa sana usingizi wa mchana, alijifanya hajui. Wawili mkikosana hakuna kununiana, hakuna kushtakiana kwa wakubwa. Mnapandishwa kwenye gogo, mnakaa kama mmepanda punda, mnatazamana. Mkono wako wa kushoto unafungwa pamoja na wa mwenzako kwa skafu. Wa kulia unabaki huru, ufanye utakavyo: ngumi, kofi, kucha, yote halali. Mkianguka majini mnapigana humo humo majini. Inaisha pale mmoja anapotamka neno moja tu: "Kambi!" Likishatamkwa, mwenzako anaachia hapo hapo, hata kama meno yake yamo sikioni mwako. Asiyeachia alivuliwa skafu, na hakuna aliyekula naye sahani moja tena.

Kiroboto na Sufuria walipandishwa kwa ajili ya kopo la maziwa. Mama yake Sufuria alimpa mwanawe kopo la maziwa matamu, naye akalificha chini ya nguo zake, na Kiroboto akalinywa lote hadi akalamba kifuniko. Basi siku hiyo palichimbika. Ngumi ya kwanza ya Sufuria iling'oa jino la mbele. Kiroboto akamrukia sikio akaling'ang'ania kama kupe. Wakaporomoka majini, Sufuria akamshika kisogo na kumzamisha, akamzamisha tena, mpaka mtoto wa watu akaona giza. Alipoibuka alitema maji na damu, akatamka neno. Sufuria akaachia hapo hapo. Akamvuta kwa mkono ule ule uliofungwa mpaka ukingoni, wakalala mchangani wanahema, halafu, sijui nani alianza, wakaangua kicheko mpaka mbavu zikauma kuliko ngumi. Maziwa hayakutajwa tena, si siku hiyo wala siku yoyote. Tangu hapo walikuwa chanda na pete.

"Pengo hili," fundi huwaambia wateja akifunua mdomo, "ndicho cheti changu cha skauti."

Sasa sikiliza. Utoto una mwisho. Sufuria alikua akawa mkubwa wa wapagazi kule kwenye maghala ya mizigo, na huko hakuna aliyelijua jina la Sufuria. Walimwita Mkuu. Vijana wake walibeba magunia mchana kutwa, na akiwaambia "kapigeni", walikwenda wakapiga. Mtaa mzima ulimwogopa. Lakini wakikutana barabarani yeye na fundi, walisalimiana kwa mkono wa kushoto kama skauti, na watu wakashangaa: huyu fundi ana roho ngapi, kumpa Mkuu mkono wa kushoto? Nao wawili wakacheka kivyao.

Taabu ililetwa na Mbwembwe. Huyu alikuwa kitinda mimba, mdogo wake fundi tumbo moja. Mama yao alipokuwa anakata roho aliushika mkono wa mtoto akauweka ndani ya mkono wa kaka, akaenda zake. Fundi akamlea, akamsomesha mpaka mwenyewe alipogoma, kisha akamfundisha kazi. Na kazi aliijua, msimnyime haki yake. Alikuwa na mkono wa kulia ambao ungeweza kubandua tairi la lori bila kupumzika. Tatizo ni mdomo. Mdomo wake ulitangulia kutoka nyumbani, yeye akafuata nyuma.

Uwanjani, kwenye mpira, Mbwembwe alikosa penalti. Kijana mmoja mpagazi akamtania kwamba mpira ule bado unaendelea kwenda. Watu wakacheka. Mbwembwe naye akacheka, tena sana. Halafu akasubiri. Yule kijana alipoinama kufunga kamba za viatu, Mbwembwe akamshukia na chuma cha jeki juu ya mkono, pa! Na alipoanguka akamwongeza cha pili pale pale. Mfupa ulitoka nje. Madaktari wakatia vyuma, wakasema mkono utapona, ila gunia usahau. Na mpagazi asiyebeba gunia atakula nini? Kijana huyo alikuwa mtoto wa dada yake Mkuu.

Fundi alipopata habari alimkaripia mdogo wake mpaka mate yakamwishia. "Asubuhi naenda kwa mjomba wake kumwangukia," akasema. "Na wewe utakuja nyuma yangu, kimya, kichwa chini."

Hakuwahi. Asubuhi hiyo alikuwa ndiyo kwanza anafagia mbele ya karakana, na mkewe anachemsha chai kwenye chumba cha nyuma, mara gari la mizigo likasimama likaziba mlango. Vijana wakaruka chini na mbao mikononi. Majirani walifunga madirisha kwa haraka, huyu baada ya huyu. Mbwembwe alikuwa amejificha nyuma ya rundo la matairi. Walimtoa kwa miguu, uso ukiburuzika sakafuni. Mmoja alimkanyaga mgongo, mwingine akampiga teke la mdomo, damu ikaruka ikachora ukutani. Fundi akawakimbilia na ufagio, eti ufagio! Ubao ukampata tumboni, akapiga magoti, pumzi ikagoma kurudi.

Wakaulaza mkono wa kulia wa Mbwembwe juu ya rimu la lori. Kijana mmoja akaiokota nyundo kubwa, nyundo ya fundi mwenyewe, akaipima uzito. Mbwembwe alikuwa analia kama mtoto, "Kaka! Kaka, watanivunja!" Mkewe fundi alitoka na sufuria la chai ya moto, akammwagia wa karibu, akasukumwa akagonga mlango.

Mkuu alishuka garini mwisho. Hakuwa na haraka.

"Sufuria!" fundi akaita kutoka pale sakafuni.

Vijana waliduwaa. Mmoja akacheka, na Mkuu akamzaba kofi la kisogo bila hata kumtazama.

"Usiniite hivyo hapa."

"Nikuiteje? Nimekula uji wako ulioungua miaka yote ile."

"Kiroboto, toka njiani. Hili silo la kwako. Mtoto wa dada yangu amelala na vyuma mkononi. Dada yangu hali wala halali. Na hawa," akawanyooshea kidole vijana, "wananitazama. Unataka niwaambie nini? Kwamba huyu ni mdogo wa rafiki yangu, basi yaishe?"

"Nitaenda kwa dada yako mwenyewe. Nitamwangukia miguuni."

"Miguu yake haina shida. Mkono wa mwanawe ndio wenye shida."

"Mkono kwa mkono!" vijana wakaitikia, na mwenye nyundo akainyanyua.

Fundi alimwona mama yake. Alimwona vile vile alivyokuwa siku ile, akiuweka mkono wa mtoto ndani ya mkono wake, na mkono wenyewe ndio huu uliolazwa kwenye chuma. Kitu kikampanda kichwani.

"Basi tupande gogo!" akapiga kelele. "Mimi na wewe. Sheria zile zile."

Mkuu akainua mkono na nyundo ikasimama. Uso wake ulilegea ghafla, macho yakang'aa. Fundi alidhani ni uchu wa kupigana, maana Sufuria alipenda ugomvi toka zamani.

"Umesema?"

"Gogo. Nikikushinda, mdogo wangu anabaki na mkono wake. Ukinishinda..."

"Gogo litaamua," Mkuu akamkata kauli. Akawageukia vijana wake. "Mmesikia? Mimi na huyu tuna sheria yetu ya tangu utoto. Likishaamua, limeamua. Atakayefungua mdomo baada ya hapo, atanikuta mimi."

Vijana walinung'unika, lakini nani angembishia? Boriti ililazwa juu ya matairi mawili ya lori, uani, na Mbwembwe akaburutwa huko huko pamoja na rimu lake. Skafu haikuwepo. Fundi alikata ukanda wa mpira wa ndani, ule mweusi wa kunyumbuka, na kijana mmoja akawafunga viganja vya kushoto, akakaza. Walikaa wakitazamana, wanaume wazima, wenye vitambi na mvi.

"Jino nililokung'oa lilikuwa upande gani?" Mkuu akauliza kwa sauti ya chini.

"Huu hapa. Uliniachia mengine."

"Ubahili wangu huo."

Wote wawili wakacheka kidogo, na ngumi ya kwanza ikampata fundi chini ya jicho.

Jamani, walipigana. Nyama ya shavu ilipasuka mara moja. Fundi alijibu kwa kiwiko, pua ya Mkuu ikakaa upande. Ukanda wa mpira uliwavuta wakagongana vichwa, ukawaachia, ukawavuta tena. Kila aliyepiga alirudishwa karibu kupigwa. Mkuu alimkamata nywele akamgongesha paji la uso kwenye boriti, na fundi akauzamisha ukucha wa gumba ndani ya nundu ya bega lake, ile iliyoota kwa magunia, mpaka mwenyewe akaguta. Damu ilitiririka kwenye mti, mapaja yakawa yanateleza. Na katikati ya yote hayo, utaniamini? Fundi alikuwa na furaha. Kwa muda mfupi alisikia kijito, alisikia wenzake wakipiga makofi ukingoni, alinusa uji ulioungua. Alipomwangalia mwenzake aliona meno mekundu yametokeza kwa kicheko. "Bado unauma kama kupe!" Mkuu akafoka. "Na wewe bado mzito kama gunia!" fundi akamjibu, akamtia ngumi ya koo.

Furaha haina ubavu. Mwenye ubavu ni anayebeba magunia. Goti la Mkuu lilimwingia fundi mbavuni na kitu humo ndani kikavunjika. Aliporomoka kwa mgongo, mwenzake juu yake, na mkono mnene ukamlalia kooni. Miguu yake ilirusha vumbi. Alijaribu kupiga ngumi, ngumi ikafika imekufa. Alipogeuza kichwa aliona rimu, na juu ya rimu mkono wa Mbwembwe, na juu ya mkono kijana na nyundo yake, anasubiri. Dunia ikaanza kuwa nyeusi.

Aliwaza jambo moja tu. Nikisema neno nimeshindwa, na nikishindwa nyundo inashuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa unapapasa chini ya boriti, ukagusa chuma cha kubandulia tairi. Chuma alichokishika kila siku ya kazi yake. Vidole vikakijua vyenyewe.

"Kambi," akakoroma.

Sufuria akaachia hapo hapo.

Alijiinua akapiga magoti, anahema, damu inamchuruzika kutoka puani hadi kidevuni, na anatabasamu. Akaukaza mkono wa kushoto ule uliofungwa akaanza kumvuta mwenzake ainuke. Fundi alikuja na ule mvuto, na chuma kikaja naye. Kilimpata Mkuu kwenye jicho. Mlio wake, wacha niseme tu kwamba waliousikia hawakula siku hiyo. Alirudi nyuma akipiga yowe, lakini ukanda haukukubali, ukamrudisha kwa fundi, na fundi akampiga tena, mdomoni, akampiga tena, tayani, mpaka taya likakaa kombo na yule mtu mkubwa akaanguka kwa ubavu kama ng'ombe.

Vijana wakamiminika na mbao juu.

"Msimguse!" Sauti ilitoka kwenye damu na meno. Sufuria alikuwa amejikokota akakaa, kiganja kimefunika jicho, na kilichokuwa kinapita kati ya vidole hakikuwa damu peke yake. "Msimguse, nasema!"

Wakasimama.

"Nimeshinda," fundi akasema, bado ameshika chuma. "Mwachie mdogo wangu. Nimeshinda."

"Kiroboto... ulishasema neno."

"Nimeshinda!"

"Ulishasema neno, bwana! Yalikuwa yameisha. Nilikuwa nakuinua."

"Ungemvunja mkono."

"Nani angemvunja?" Sufuria alisema kwa shida, taya linakataa, na kila neno likitoka na mate mekundu. "Gogo likiamua, ugomvi unakufa. Ashinde nani, ashindwe nani, unakufa. Ulipokunywa maziwa yangu ulishindwa. Nilikuuliza tena maziwa yangu? Hata siku moja?"

Chuma kilianza kumwelemea fundi.

"Nilikubali ili niwe na la kuwaambia hawa," Sufuria akasema. "Ningekunong'oneza vipi mbele yao? Nilijua unajua."

Kisha akawageukia vijana, na jicho moja lililobaki lilitosha. "Mwacheni huyo mtoto. Neno limetamkwa." Kijana mwenye nyundo aliiweka chini taratibu. Mwingine akaukata ukanda kwa kisu. Walimbeba mkubwa wao wanne, miguu inaburuza, wakampakia garini juu ya magunia matupu. Hakugeuka kumtazama fundi, wala hakutukana. Afadhali angetukana.

Gari lilipokwisha kuondoka madirisha yalifunguka na kila mtu akawa shujaa. Majirani walijaa uani, wanaume wakimpigapiga fundi begani, wakinamama wakimshukuru Mungu. Mkewe alimkalisha kwenye tairi, akaanza kumsafisha shingo kwa maji ya chumvi. Fundi aliitazama damu ya kwenye boriti, ya kwake na ya mwenzake, hakuweza kujua ipi ni ipi.

Na Mbwembwe? Mdomo ulikuwa umevimba, lakini ulikuwa unafanya kazi. Alikuwa amesimama katikati ya watu, anarusha ule mkono wa kulia, mzima, bila hata mchubuko.

"Mmeona kaka alivyomtoa jicho?" akasema. "Mkuu, Mkuu, Mkuu gani? Tena hawa skauti ni wajinga, jamani! Unamwambia neno moja tu, anakuachia! Mtu amekukaba, anakuachia! Ningejua siku zote..." Akajipiga paja akicheka, na watu wakacheka naye.

Fundi aliinuka. Mkewe alidhani anakwenda kunawa. Alipita katikati ya majirani, nao wakampisha kwa heshima, mpaka akafika mbele ya mdogo wake. Akampiga ngumi ya mdomo. Mbwembwe alidhani ni bahati mbaya, akataka kucheka, na ya pili ikamwangusha kwenye matairi. Fundi akamfuata kule kule. Alimpiga kichwani, akampiga tumboni, mbavu zake mwenyewe zilizovunjika zikimchoma kila alipoinua mkono, na hakuacha. "Kaka, nimekosa nini? Kaka, ni mimi!" Walimshika watu wengi ndipo akabanduka.

"Umepatwa na nini?" mkewe akalia. "Umepigana asivunjwe, sasa unamvunja mwenyewe?"

Fundi alifungua mdomo, ukatoka mkoromo tu, maana koo lilikuwa limepondwa. Akajaribu tena.

"Alikuwa ananiinua," akasema. "Mama watoto, yule mtu alikuwa ananiinua."

Mkewe hakuelewa. Alimshika kiuno akamwingiza ndani, na majirani wakabaki wakimnawisha Mbwembwe uso.